Gari la spoti la okazyo Bukavu: moteri ikifa, nani atalipa?

Gari likiwashwa asubuhi likiwa bado baridi, dakika tano za kwanza hueleza mengi kuliko maneno ya muuzaji ya saa nzima. Ndiyo maana muuzaji mjanja wa Bukavu hapendi mnunuzi alikute gari likiwa baridi. Mteja anafika Nyawera au Essence na kukuta boneti ina joto tayari, injini inanguruma kwa utulivu, rangi imeng'arishwa na matairi yamepakwa dawa nyeusi. Kando yake yuko dalali, komisioneri kama anavyoitwa mjini, akimkumbusha kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani na dola zake mfukoni.

Haraka hiyo si jambo geni. Kilichobadilika ni kinachofuata biashara ikiharibika. Tangu AFC/M23 walipouteka mji wa Bukavu katikati ya Februari 2025, wiki chache baada ya Goma, benki zilifunga milango, mahakama zikaacha kufanya kazi yake ya kawaida, na uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza. Mtu anayenunua gari katika hali hiyo hulipa fedha taslimu. Hana mkopo, hana bima inayogusa injini, na hana karatasi ya benki ya kuonyesha kwamba alilipa. Injini ikifa wiki mbili baadaye, hasara inabaki nyumbani kwake.

Kwa Toyota Probox au Carina ya teksi, hatari hiyo inapimika. Injini zake ni rahisi, vipuri vipo, na fundi wa Kadutu ameshazifungua mara nyingi kiasi kwamba anazijua kwa sauti. Habari ni tofauti kwa gari la spoti.

Magari hayo si mengi Bukavu, na sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kupanda kutoka ziwani kwenda Bagira msimu wa mvua. Lakini hamu ipo, na si ya jana. Kanda nzima ya Afrika Mashariki ilipenda Subaru Impreza kupitia Safari Rally ya Kenya, ambayo Colin McRae aliishinda kwa gari hilo mwaka 1997 na Richard Burns akairudia kwa Subaru mwaka 2000. Nairobi na Kampala zikajaa Impreza na Forester zenye turbo, kisha zikaja Toyota Altezza, halafu Mark X. Kijana wa Bukavu aliyepata fedha katika biashara ya mpakani huyaona magari hayo kwenye simu yake kila siku. Anapolikuta moja linauzwa kwa bei ya Rav4 iliyochoka, moyo humtangulia.

Bei hiyo ya chini ina asili yake. Japani, gari jipya la kawaida hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kila ukaguzi una gharama. Mwenye gari kuukuu akipiga hesabu huona afadhali aliuze mnadani. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilieleza kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018, Japani, Ulaya na Marekani zilisafirisha nje magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko bara jingine lolote. Nchi nyingi zilizopokea, ripoti hiyo ilisema, hazikuwa na kanuni za kutosha za kuchuja ubora.

Kongo ina kanuni. Amri ya serikali ya mwaka 2012 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka 10. Tatizo ni kwamba kanuni ya namna hiyo huhesabu miaka, haipimi injini. Gari la miaka 9 lililoendeshwa bila kubadilishwa oili linapita, la miaka 11 lililotunzwa kama mtoto linakataliwa. Pia Altezza iliacha kutengenezwa mwaka 2005, na Impreza za turbo zinazotamaniwa zaidi ni za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Kwa hiyo gari la aina hiyo linaloonekana Bukavu leo ama liliingia zamani na kupita mikono mingi, ama lina karatasi zinazostahili kusomwa mara mbili.

Halafu kuna safari yenyewe. Gari likishushwa bandarini Dar es Salaam, mara nyingi halipandishwi juu ya lori. Huendeshwa na dereva wa kukodiwa, zaidi ya kilomita 1,500 hadi Ruzizi, na dereva huyo hulipwa kwa kufika, halipwi kwa kulitunza. Injini ya turbo iliyokaa miezi kadhaa bandarini na melini, yenye oili ya zamani, inapewa kazi yake ngumu kuliko zote kabla mnunuzi hajaiona. Kilomita zinazosomwa kwenye dashibodi hazisemi lolote kuhusu safari hiyo.

Hapa inafaa kuelewa kwa nini injini za magari haya huogopwa. Injini ya EJ20 ya Subaru, iliyoanza mwaka 1989 na kuendelea kutengenezwa kwa miaka 30, ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Mlalo huo hulipa gari uzito wa chini na kulifanya lishike barabara vizuri. Lakini injini iliyolala ina vichwa viwili vya silinda, yaani kulase mbili na gasketi mbili za kuvuja badala ya moja, na fundi hawezi kufika kwenye plagi bila kujikuna mikono. Mkanda wake wa taimingi unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, vali hugongana na pistoni, na hapo mazungumzo hayahusu tena matengenezo, yanahusu injini nyingine.

Zile zenye turbo zina udhaifu zaidi. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua au ikichafuka, beringi za fimbo za pistoni ndizo huumia mapema, na dalili yake ni mgongo unaosikika kutoka chini, kama mtu anayepiga mlango kwa nyundo ya mbao. Kuna pia tatizo la kingo za pistoni zinazoshikilia ringi. Petroli ikilipuka mapema ndani ya silinda kabla ya wakati wake, kingo hizo hupasuka, injini ikaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu.

Na Bukavu ina njia zake za kuharakisha mambo hayo. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa hapo ni nyepesi, pungufu kwa takribani asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani. Injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, na dereva hulazimika kukanyaga zaidi. Injini ya turbo hujaribu kufidia upungufu huo kwa kuzungusha turbo kwa kasi kubwa zaidi, na kasi hiyo huzaa joto. Wakati huohuo, maji kwenye mwinuko huo huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, si 100. Mfumo wa kupoza wa gari huzuia hilo kwa shinikizo, lakini shinikizo lenyewe hutegemea kifuniko cha radieta chenye mpira mzima. Kifuniko kilichochoka, ambacho kingevumilika Dar es Salaam kwenye barabara tambarare, kinaweza kuchemsha gari kwenye mpando mmoja wa Kadutu katikati ya foleni. Gari likichemka, hedi hupinda. Hedi ikipinda, gasketi huungua.

Mpando wa Ngomo, kwenye barabara ya kwenda Kamanyola, ni kipimo kingine ambacho hakuna garaji inayoweza kukiiga. Wenye magari ya zamani wa Bukavu wanajua kwa nini wasafiri hubeba madumu ya maji.

Suala la mafuta ni gumu zaidi, kwa sababu mnunuzi hawezi kulimaliza hata akilipa. Impreza za turbo zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipangiwa petroli bora ya kule, yenye okteni inayokaribia 100. Kompyuta ya injini na pistoni zake vilichaguliwa kwa mafuta hayo. Bukavu hupokea mafuta yaliyosafiri mbali, na sehemu yake huuzwa barabarani na wale wanaoitwa kadafi, katika chupa na vidumu. Si wote wanaochanganya. Lakini chupa ya plastiki haionyeshi okteni, wala haionyeshi mafuta ya taa au maji yaliyoongezwa. Corolla ya mwaka 1998 itakohoa kidogo na kuendelea. Injini ya turbo iliyobanwa kwa ajili ya okteni 100 italipuka mapema ndani ya silinda, na hapo ndipo kingo za pistoni zilizotajwa huanza kupasuka. Hakuna taa itakayowaka siku hiyo. Uharibifu hujikusanya kimya.

Wengine hudhani wataepuka yote hayo kwa kununua gari la spoti lisilo na turbo. Kiasi wako sahihi. Altezza ya silinda sita, yenye injini ya 1G-FE, haina mbio za kutisha lakini ni mvumilivu. Ile ya silinda nne, 3S-GE ya nguvu farasi 210, ni injini nzuri iliyotengenezwa kuzungushwa juu, na tatizo lake ni kwamba wamiliki waliotangulia walifanya hivyo hasa. Mark X ya kwanza, yenye injini ya lita 2.5 ya 4GR-FSE, huingiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo, ambao kwenye Toyota za kabla yake ulijulikana kama D-4, hujaza masizi nyuma ya vali za kuingizia hewa, kwa kuwa petroli haipiti tena hapo kuziosha. Pampu yake ya shinikizo kubwa haipendi uchafu hata kidogo. Mtu anayejaza gari la D-4 kwa chupa za kadafi anahesabu siku tu.

Katika hali hiyo, ukaguzi kabla ya kulipa ndio kinga pekee iliyo mikononi mwa mnunuzi, na Bukavu, kwa milima yake, ni mahali pazuri pa kuufanya. La kwanza ni kusisitiza gari lilale usiku bila kuwashwa, na mnunuzi alishike boneti kwa mkono wake kabla ya funguo kugeuzwa. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha ni oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya kupozea yanayoingia ndani ya silinda. Chini ya kifuniko cha oili, utelezi wa rangi ya maziwa huashiria maji na oili kukutana, ingawa asubuhi za baridi za Bukavu zinaweza kuweka ukungu mdogo hapo bila ubaya. Viputo vinavyopanda mfululizo kwenye tangi la maji la Subaru injini ikiwa moto ni ishara ambayo fundi mzoefu hahitaji nyingine baada yake.

Kipimo cha mgandamizo wa silinda kina thamani kuliko yote hayo. Kifaa chake ni saa ndogo inayofungwa mahali pa plagi, na kinapatikana. Namba kamili hutofautiana kwa injini na kwa mwinuko, hivyo kinachotafutwa ni uwiano: silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, kuna kitu kimeliwa, iwe ringi, vali au gasketi. Wauzaji wengi hukataa kipimo hiki wakidai kinaharibu plagi. Hakiharibu.

Kifaa cha kusoma kompyuta ya gari nacho kimeenea, na kina mtego wake. Makosa yaliyohifadhiwa yanaweza kufutwa dakika chache kabla ya mteja kufika. Fundi anayejua kazi huangalia pia kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Yakiwa bado, ni kwa sababu mtu ameyafuta karibuni au amechomoa betri, na swali la kwa nini ni halali kabisa.

Kisha mpando. Gari lipande kutoka upande wa ziwa, Muhumba au Nguba, hadi juu Kadutu, mnunuzi akitazama mshale wa joto na mtu mwingine nyuma akitazama moshi wa ekzosi. Lisimamishwe juu dakika kumi injini ikiwaka. Kile ambacho kingechukua mwezi kujitokeza kwenye mji wa tambarare kinaweza kujitokeza hapo kwa nusu saa.

Karatasi za Japani nazo husaidia zikiwepo. Cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje huandika kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi, na karatasi ya mnada hutoa alama ya hali ya gari, herufi R ikimaanisha lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Dashibodi inayoonyesha kilomita 80,000 wakati cheti kilisema 140,000 imeshajibu swali. Gari lililobadilishwa injini huonekana kwa namba ya injini isiyolingana na hati. Kubadilisha injini si kosa kwa sababu hiyo tu, na injini nyingine inaweza kuwa nzima kuliko ya kwanza. Lakini wakati ambapo mali nyingi zilibadilisha mikono kwa nguvu, namba za chasisi na injini zisizolingana na carte rose zinaweza kumletea mnunuzi mashaka makubwa kuliko moshi wa bluu. Aliyenunua gari la mtu aliyekimbia mji anaweza siku moja kukutana na mwenyewe.

Mtu akidanganywa pamoja na tahadhari zote, je? Sheria ya Kongo haijamwacha. Amri ya Julai 30, 1888 kuhusu mikataba, iliyotungwa enzi za Leopold II na inayounda sehemu ya tatu ya sheria ya madai hadi leo, humbana muuzaji kwa kasoro zilizofichika za kitu alichokiuza. Kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo, ambayo mnunuzi hangeweza kuiona na ambayo angeijua asingenunua au angelipa kidogo, humpa haki ya kuchagua: arudishe gari na kurudishiwa fedha zake, au abaki nalo na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji aliyejua akanyamaza hudaiwa na fidia juu yake. Kwa upande mwingine, kasoro inayoonekana kwa macho ni ya mnunuzi, na mlalamikaji hatakiwi kukaa muda mrefu kabla ya kushtaki.

Ni sheria nzuri, na kwa mnunuzi wa Bukavu karibu haishikiki. Inataka hakimu, mtaalamu wa kupima injini na mlalamikaji anayewahi. Mahakama zilizosimama haziwezi kumpa hata kimoja cha hivyo. Anayeweza kwenda kwa wakuu wapya wa mji atapata uamuzi ambao Kinshasa haiutambui, na ambao huenda usiwe na nguvu nje ya eneo wanalolishika. Wengi hawathubutu hata kufika hapo, kwa sababu kesi ya gari inaweza kugeuka kuwa kesi ya gari lenyewe kuchukuliwa. Wanaonufaika ni wauzaji wachache wasio waaminifu, na wanaoumia pamoja na wanunuzi ni wauzaji wengi waaminifu, ambao sasa hulazimika kushusha bei ili kufidia hofu wasiyoisababisha.

Kilichobaki ni njia za kijamii, na baadhi zinafanya kazi. Mkataba wa maandishi wenye namba ya chasisi, namba ya injini, kilomita na sentensi moja inayosema injini haijawahi kufunguliwa, au imefunguliwa lini na kwa nini, humfanya muuzaji afikiri kabla ya kusaini. Mashahidi wa pande zote mbili, na mkuu wa avenyu ikiwezekana, huongeza uzito. Kulipa sehemu kwa simu, hata kama makato yanauma, huacha alama ambayo noti haziachi. Kuna pia wanaokubaliana kuzuia sehemu ya bei mikononi mwa mtu wa tatu kwa mwezi mmoja. Muuzaji anayeliamini gari lake ana sababu ndogo ya kukataa, na komisioneri, ambaye hulipwa siku ya mauzo na kutoweka, ndiye hupinga zaidi. Inafaa naye asubiri chake.

Baadaye, hata gari lililo zima linahitaji vipuri. Gasketi ya EJ20, mkanda wa taimingi na pampu ya oili havikai kwenye rafu za Bukavu kama vya Corolla. Huagizwa Kigali, Kampala au Dubai, na hupita mpaka wa Ruzizi pale unapopitika. Gari linaweza kusimama garajini wiki sita kwa kusubiri kipande cha dola 40. Anayetaka kujua kama anaweza kulimiliki gari la spoti mjini hapa, kabla hajaulizia bei ya gari, aulizie bei ya gasketi hiyo, na siku itakayofika.